Namba za Wenzetu Zilizo Katika Simu Zetu



Mwezi huu wengine mtashangaa mkifungua ukurasa huu, maana mmezoea kutukuta tukizungumza juu ya uji wa lishe, chanjo, au mama anayejifungulia nyumbani ilhali zahanati iko karibu. Leo tunataka tuzungumze juu ya simu. Msidhani tumeacha kazi yetu ya uuguzi. Tumeona jinsi simu inavyowaletea akina mama presha, kukosa usingizi na ugomvi wa nyumbani, na mambo hayo hutufikia sisi kabla hayajamfikia mchungaji au mwenyekiti wa kitongoji.

Hapa Masakta siku hizi hakuna jambo lisilo na kundi lake la WhatsApp. Kwaya ina kundi, Umoja wa Wanawake una kundi, VICOBA ina kundi, wazazi wa darasa la saba wana kundi. Mtu akifiwa, kabla jeneza halijapatikana kundi limekwisha kufunguliwa. Na harusi ndiyo usiseme! Unaamka asubuhi unajikuta ndani ya kamati ya send-off ya binti usiyemjua, jina lako limeandikwa kwenye orodha, ahadi shilingi 50,000, iliyolipwa sifuri, na watu mia na ishirini wanaisoma.

Hatusemi kwamba makundi haya ni mabaya. Tarehe 3 Desemba 2023, maporomoko ya matope na mawe yaliposhuka kutoka Mlima Hanang na kuingia Katesh na vijiji vya jirani, wengi wetu tulijua kwa simu kwamba ndugu zetu wako hai, na wengine tulijua kwa simu kwamba hawapo tena. Misaada ya nguo na vyakula ilipangwa kwa simu. Chombo kinafaa. Tunachotaka kuangalia ni kitu kimoja tu: tunapomwalika rafiki katika mitandao hii, au tunapoiruhusu simu imwalike kwa niaba yetu, tunatoa kitu gani, na kitu hicho ni cha nani?

Tuanze na jinsi jambo lenyewe linavyofanyika. Ukiweka programu mpya katika simu janja, iwe ya mtandao wa kijamii, ya picha, au ya mikopo, mara nyingi inakuuliza kama unairuhusu ifikie majina na namba ulizohifadhi. Swali linakuja na kitufe cha kukubali, na sisi tulio na haraka, mtoto analia na ugali unaungua, tunabonyeza kukubali. Kwa kubonyeza huko, orodha yako yote inaweza kunakiliwa na kupelekwa kwenye mashine za kampuni iliyoko ng'ambo. Kama una majina 300, umewatoa watu 300. Katika hao yumo mkunga aliyekuzalisha, yumo fundi cherehani, yumo mwalimu wa mtoto, yumo bibi yako kule Dongobesh mwenye simu ya tochi ambaye hajawahi kuiona Facebook kwa macho yake. Hakuna hata mmoja aliyeulizwa.

Baada ya hapo kampuni inaanza kulinganisha. Inaona namba ya huyu imo katika simu ya yule na ya yule, basi inakisia kwamba wanafahamiana, na kuwaletea mapendekezo ya urafiki. Ndiyo maana watu hushangaa: simu imejuaje kwamba mimi na huyu tunajuana? Haikuota ndoto. Aliyeiambia ni mtu aliye na namba zenu wote wawili.

Makampuni makubwa yenyewe yamekwisha kuumbuka kwa jambo hili. Mwezi Aprili 2019 Facebook ilikiri kwamba tangu Mei 2016 ilikuwa imechukua anwani za barua pepe za marafiki wa watu wapatao milioni moja na nusu waliojiunga nayo, bila ruhusa yao. LinkedIn, mtandao wa watu wanaotafuta kazi, ulikuwa ukiwatumia marafiki wa wanachama mwaliko na kisha kuwakumbusha tena na tena kana kwamba mwanachama mwenyewe ndiye anayewasumbua. Mwaka 2015 ulikubali kulipa dola milioni 13 ili kuimaliza kesi huko Marekani. Na mwaka 2021 mamlaka ya Ireland iliitoza WhatsApp faini ya euro milioni 225 kwa kutowaeleza watu waziwazi jinsi habari zao zinavyotumika, wakiwamo watu ambao si watumiaji wa WhatsApp kabisa bali namba zao zilikuwa katika simu za wengine. Kwa hiyo hata bibi yako wa simu ya tochi amekwisha kuzungumzwa katika ofisi za Ulaya.

Lakini hayo ya ng'ambo tuyaache kidogo, maana yanayotuumiza zaidi yako hapa hapa mlangoni.

Fikirini juu ya mama anayehudhuria kliniki ya tiba na matunzo, yaani anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Amekwisha kuzoea dawa, afya yake ni nzuri, mtoto wake amezaliwa salama, na mumewe tu ndiye anayejua. Siku moja mtu mwenye nia njema anafungua kundi la kutiana moyo na kuingiza namba za akina mama wote wanaokutana kliniki siku hiyo. Kila aliyeingizwa anaona namba za wenzake wote. Hakuna aliyetaja ugonjwa, hakuna aliyeandika neno baya, lakini kule kuwamo tu ndani ya kundi kumekwisha kusema kila kitu. Na mmoja wao simu yake huchezewa na shemeji jioni. Siri ambayo sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inamtaka mhudumu wa afya ailinde, imetoka kwa kidole kimoja, tena cha mtu aliyetaka kusaidia.

Sisi wauguzi tulifundishwa chuoni kwamba faili la mgonjwa halisomwi mezani mbele ya watu, na kwamba jina la mgonjwa haliitwi pamoja na ugonjwa wake. Wakati ule siri ilikuwa karatasi. Ungeweza kuifungia kabatini na ufunguo ukauweka mfukoni. Orodha ya namba haifungiki hivyo. Kundi la watu mia likiwa na simu mia, basi kuna makabati mia, na funguo zake ziko kwa watoto, waume, mawifi, na fundi simu wa Katesh anayebadilisha kioo.

Jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii ni jina tunalomwandika mtu katika simu. Hebu chukua simu yako sasa hivi uangalie. Utakuta umeandika "Mama Yusta mkopo", "Nesi wa sindano", "Mama Paulo mjane", "Dada wa dawa". Umeandika hivyo usisahau, hakuna ubaya. Lakini unapoiruhusu programu ichukue orodha, hayo maneno ya pembeni nayo yanaweza kwenda. Zipo programu, kwa mfano Getcontact, ambazo kazi yake hasa ni kumwonyesha mtu namba fulani imeandikwa kwa majina gani katika simu za watu wengine. Sasa mtu akitafuta namba ya yule dada na kukuta ameandikwa "Dada wa dawa", atajiuliza dawa gani. Tunashauri jina liwe jina tu. La sindano na la mkopo likae kichwani, au katika daftari ndani ya sanduku.

Tena hapa kwetu Tanzania namba ya simu si namba tupu. Mtu akiwa na namba yako anaweza kuanza kama anayetaka kukutumia pesa, na kabla hajamaliza simu inamwonyesha jina lako kamili kama ulivyosajili. Hapo hajatumia hata shilingi, lakini amekwisha kukujua. Matapeli wanalijua hili vizuri. Ndipo unapigiwa na mtu anayekuita kwa majina yako matatu, anajua uko kwenye kikoba fulani, anajua mweka hazina wenu ni nani, na anakwambia ile hela itume kwenye namba hii. Utasema huyu ni mchawi? Si mchawi, ameingia katika kundi lenu kwa kutumia kiungo cha mwaliko ambacho mmoja wenu alikitupa katika kundi lingine. Kiungo cha mwaliko ni kama mlango uliofungwa kwa kamba. Yeyote anayekikuta anavuta na kuingia. Ukipata ujumbe wa namna ile, uupeleke kwenye namba 15040, ambayo imewekwa kwa ajili ya kuripoti utapeli wa simu. Na piga *106# uangalie ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, maana kuna wengine wamekuta laini wasizozijua.

Sasa tufike kwenye mikopo ya mtandaoni, na hapa tutakaa kidogo, maana ndipo machozi yalipo.

Mama anahitaji 40,000 ya ada ya mtihani au ya mbegu. Kikoba kimefungwa hadi mwisho wa mwezi, na mume yuko mbali kwenye mashamba ya ngano. Anaona tangazo: mkopo wa dakika tano, bila dhamana. Anaiweka programu, inaomba ruhusa ya kuona majina ya watu, ujumbe na picha, naye anakubali. Pesa inaingia pungufu ya alichoomba, na muda wa kulipa ni siku chache tu. Akichelewa, ujumbe unaanza kutumwa, si kwake peke yake, bali kwa watu waliomo katika simu yake. Mchungaji anapata ujumbe, mwalimu wa shule anapata, mama mkwe anapata: mwambieni fulani alipe deni, ninyi ndio aliowaweka wadhamini. Wapo wanaowekwa picha zao na maneno ya kuwaita wezi.

Mnaona basi? Lile neno "bila dhamana" halikuwa kweli. Dhamana ilikuwepo: ni watu wote waliomwamini wakampa namba zao. Kitabu cha Mithali, mwanzoni mwa sura ya sita, kinamwonya mtu aliyemdhamini jirani yake ajinasue upesi. Lakini yule angalau alitoa neno kwa kinywa chake mwenyewe. Huyu wa leo amefanywa mdhamini akiwa amelala.

Tumemwona mama mmoja ambaye shinikizo lake la damu lilikuwa limetulia kwa muda mrefu, likapanda ghafla. Tukauliza chumvi, tukauliza dawa, vyote viko sawa. Baadaye ndipo aliposema kwamba wiki nzima hajaenda kwaya kwa sababu watu wote wa sauti ya pili wamepata ujumbe wa deni lake. Deni lenyewe lilikuwa chini ya laki moja. Tunamtaja hapa kwa ruhusa yake, na bila jina, ili mwenzake aliye katika hali hiyo ajue kwamba haya si mambo ya kufia ndani kimyakimya.

Serikali nayo imeliona. Mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa mwongozo kwa wanaokopesha kwa njia ya mtandao, na mwezi Novemba mwaka huohuo ikatangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni na bila kutimiza masharti, yakiwamo ya kutunza faragha za wateja. Google nayo, tangu tarehe 31 Mei 2023, imezikataza programu za mikopo zilizomo katika duka lake kuchukua orodha ya majina na picha za mtu. Kwa hiyo ukitumiwa kiungo cha kupakua programu ya mkopo nje ya duka hilo, jiulize kwa nini imepitia dirishani. Na kabla ya kukopa, uliza kama mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu.

Jirani zetu wa Kenya wamekwenda mbali zaidi katika kuadhibu. Mwezi Septemba 2023 ofisi yao inayosimamia ulinzi wa habari za watu iliitoza kampuni moja ya mikopo, Mulla Pride, shilingi za Kenya 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu ilizozipata kwa wengine ili kuwatumia vitisho. Siku hizohizo ikaitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto mtandaoni bila idhini ya wazazi. Hilo la shule liwafikie walimu wetu wa shule za awali na za Jumapili, wanaopenda kupiga picha kila mtoto akipewa biskuti!

Hapa kwetu ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume yake iliyozinduliwa Aprili 2024, ambayo mwananchi anaweza kuipelekea malalamiko. Katiba nayo, ibara ya 16, ilikwisha kusema zamani juu ya heshima ya mtu na faragha ya maisha yake. Lakini tuseme ukweli, mama wa Masakta hatapanda basi hadi Dodoma kwa sababu shoga yake alimwingiza katika kundi. Sheria inawafaa zaidi wale wanaodhulumiwa na makampuni na ofisi. Ya kati yetu sisi kwa sisi yanategemea adabu.

Na adabu hiyo tulikuwa nayo. Mgeni akifika kwenu akauliza nyumba ya fulani, mama zetu hawakunyoosha kidole mara moja. Walimkaribisha maji, wakamwuliza atokako, na mtoto akatumwa kimyakimya kwenda kumwambia fulani kwamba kuna mtu anamtafuta. Fulani mwenyewe ndiye aliyeamua kuonekana au kutokuonekana. Leo mtu usiyemjua anakuandikia, naomba namba ya Mama Elia, nawe unaituma palepale na alama ya tabasamu.

Pengine Mama Elia alibadilisha namba kwa sababu. Wapo akina mama waliokimbilia kwa wazazi wao kwa ajili ya kipigo, na namba mpya ndiyo ukuta pekee walio nao. Mume aliyeachwa hahitaji mpelelezi. Anahitaji rafiki mmoja tu mwenye roho nzuri asiyeuliza. Anayesema, "Nataka tu kusuluhishana naye," ndiye hasa wa kuulizwa mara mbili. Jibu liwe hili: nipe namba yako wewe, nitampatia, akitaka atakupigia. Hapo hujamnyima mtu na hujamuuza mtu. Mithali 11:13 inawatofautisha mtu anayezunguka akitoa siri na yule mwenye roho ya uaminifu anayeisitiri, na sisi tunaona namba ya aliyejificha ni siri kama siri nyingine.

Upo pia ugomvi wa nyumbani wa kawaida, usio na hatari kubwa lakini unaochosha. Umeingizwa katika kundi lenye wanaume usiowajua, mmoja anachukua namba yako na kuanza kukuandikia usiku habari za umelalaje. Mume anaona. Sasa ueleze vipi kwamba hukumpa wewe? Waume nao wanayapata hayohayo kutoka upande wa pili, tusiwasahau.

Katika Umoja wetu tulikaa baada ya ibada tukakubaliana mambo machache, na tunawapa kama yalivyo. Hakuna kumwingiza mtu kundini kabla ya kumwuliza kwa mdomo au kwa simu, na kumwambia kundi ni la nini na wamo nani. Akikataa, hachukuliwi kama asiyependa ushirika; anatumiwa habari kwa ujumbe wa kawaida, au jirani anampitia. Kiungo cha mwaliko hakitumwi ovyo, na msimamizi wa kundi akisikia kimezagaa anakifuta na kutengeneza kingine. Michango ya mtu mmojammoja haiandikwi kundini. Kwa matangazo, katibu hutumia orodha ya matangazo ya WhatsApp, ambayo hufikisha ujumbe kwa wengi bila wao kuonana namba, ilimradi kila mmoja awe amehifadhi namba ya katibu. Na mambo ya kliniki, kabisa kabisa, hayana kundi. Muuguzi humpigia mama mmoja kwa saa waliyokubaliana.

Kwa simu yako mwenyewe, ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya faragha, halafu makundi, uchague kwamba wanaoweza kukuingiza ni wale tu uliowahifadhi. Nafasi hiyo imekuwepo tangu mwaka 2019 lakini wengi hawajaigusa. Kisha ingia kwenye mipangilio ya simu yenyewe, kwenye programu na ruhusa zake, uangalie ni zipi zinazoona majina yako. Utashangaa kukuta tochi na mchezo wa mtoto navyo vimo! Zinyime ruhusa. Fahamu tu kwamba kuiondoa programu hakurudishi majina yaliyokwisha kuchukuliwa. Kwa Facebook, kuna sehemu katika mipangilio yake ya kufuta namba ulizopakia, na binti yako wa sekondari anaweza kukusaidia kuitafuta.

Binti huyo huyo naye aulizwe. Watoto wetu hualikana katika mitandao ili mmoja apate pointi, bando au zawadi kwa kila rafiki anayeingia, na simu wanayotumia ni ya mama, yenye namba za mama. Sisi tunaokumbuka mwaka 2009 hatuhitaji kuambiwa sana juu ya mwalike-mwenzako-upate. Ile DECI iliongozwa na wachungaji, ikaitwa kupanda mbegu, na ilipozuiwa watu wengi waliachwa wakitafuta fedha zao. Wakati ule ilibidi mtu akufuate hadi nyumbani kukushawishi. Leo binti wa miaka kumi na minne anawaalika watu 300 akiwa amekaa jikoni anakoroga uji.

Waliotuandikia juu ya vidonda vya tumbo na mbaazi, barua zenu tumezipata. Tutazijibu mwezi ujao Mungu akitujalia.